Penina na Tumbusi wa Bahi

Mwisho wa kipupwe, ndugu zangu, kinamasi cha Bahi hukauka juu tu. Chini tope hubaki vilevile. Penina alifuatana na watazamaji wa ndege kwa sababu walikuwa na darubini, naye alikuwa akimtafuta ng'ombe wake aliyepotea. Maziwa ya ng'ombe huyo ndiyo yaliyomlea mjukuu wake asiye na mama.

"Tumbusi wale! Kimya, msiwafukuze," alinong'ona Mudrick, kiongozi wa msafara.

Penina akapiga ukunga na kuwarushia mawe ndege hao wala mizoga waliokuwa wakizunguka angani, kanga ikamdondoka.

"Bibi, unatuharibia!"

"Hawazunguki bure hao, mwanangu. Hebu tazama chini yao!"

Mudrick akaelekeza darubini. "Ni ng'ombe! Amezama hadi shingoni. Sikio linatikisika."

"Basi bado ni wangu," Penina akasema, akajitosa topeni.