Arlette Avuka Gironde

Arlette alianza kushona glavu za ngozi akiwa bado msichana wa kusuka nywele mikia miwili, na alipotoka kiwandani kwa mara ya mwisho mikia haikuwapo tena na nywele zilizobaki zilikuwa nyeupe. Kiwanda kilikuwa Saint-Junien, kando ya mto Vienne, mahali ambapo kila nyumba ina mtu aliyewahi kukata, kulainisha au kushona ngozi. Mikono ya mabibi wa Paris ilivaa kazi yake, naye hakuwahi kuwaona. Hilo halikumsumbua. Aliipenda kazi, aliwapenda wenzake wa benchi moja waliokuwa wakicheka siku nzima, na jioni alirudi nyumbani kwa Roland.

Roland hakuwa mtu mbaya. Hakuwa mlevi, hakuinua mkono, mshahara wake wa kiwanda cha karatasi aliuleta wote. Ila hakuwa na maneno. Mezani alisema "chumvi," akapewa chumvi, na mazungumzo ya siku hiyo yakawa yamekwisha. Walimlea binti yao, Séverine, ambaye alipokua alihamia Lyon, akaolewa huko, na akawa akipiga simu kila Jumapili. Roland alipokufa, watu walimpa Arlette pole kwa ukimya utakaoingia nyumbani. Aliwashukuru, akafunga mlango, akashangaa kwamba nyumba ilikuwa vilevile.

Léonce Barraud alikutana naye makaburini, kwenye bomba la maji. Arlette alikuwa amekwenda kumwagilia maua ya Roland, na Léonce maua ya mkewe, Josiane, aliyelala safu hiyohiyo.

"Samahani, bibi," alisema, "bomba hilo ukiliamini linakuogesha."

Maneno yalichelewa. Arlette alikuwa ameshalowa hadi magotini, na badala ya kukasirika akacheka mpaka akashika jiwe la kaburi la mtu asiyemjua. Léonce alikuwa dereva mstaafu wa basi la shule, mnene wa tumbo, mdomo hauna breki. Alimsindikiza hadi getini akisimulia, na alipofika getini hakuwa amemaliza, basi akamsindikiza hadi nyumbani. Ikawa Alhamisi anakuja kula. Kisha Alhamisi na Jumapili. Mwezi wa Mei walifunga ndoa kwa meya, yeye na gauni la buluu, Léonce na suti iliyogoma kufungwa vifungo.

"Lakini Mama, kwa umri huo?" Séverine alilalamika kwenye simu. "Si mngekuwa mnatembeleana tu?"

"Kutembeleana kunachosha miguu," Arlette alimjibu.

Séverine hakuja harusini. Alituma maua.

Katikati ya Juni, kabla umati wa likizo haujashuka pwani, Léonce alipakia mizigo kwenye gari lake dogo la kijivu. "Mke wangu, nakupeleka ukaione bahari yangu," alisema. Arlette alikuwa ameiona bahari mara moja tu, utotoni, katika kambi ya watoto wa wafanyakazi, na alichokikumbuka ni baridi na kofia iliyopeperushwa na upepo. Kwa hiyo alipanda garini moyo ukimdunda kama wa mtu anayekwenda kupokea kitu.

Walipita Angoulême, wakapita mashamba ya mizabibu ya Cognac. Kwenye mji mmoja Léonce alipunguza mwendo. "Hapa tulikuwa tunasimama na Josiane kunywa kahawa." Wakasimama, wakanywa kahawa. Mbele kidogo: "Pale, unaona ule mteremko? Josiane alitapika pale." Saintes: "Josiane hakuupenda mji huu, sijui kwa nini." Arlette alikuwa akiitikia. Hakuwa na ugomvi na marehemu. Lakini walipofika Royan, na bahari ikajitokeza ghafla mwisho wa barabara, pana na yenye kumeta, Léonce akasema, "Josiane kila mara hapa alipiga makofi," na Arlette, ambaye mikono yake ilikuwa imeshaanza kuinuka, akairudisha mapajani.

Hoteli ilikuwa ileile aliyofikia na Josiane miaka yote. Mwenyewe, Bibi Fouchereau, alikuwa na miwani iliyoning'inia shingoni badala ya kukaa machoni.

"Bibi Barraud!" alipiga kelele akimkumbatia Arlette. "Jamani, mmepotea! Na nywele umekata! Zimekurudisha ujana. Na umenawiri kidogo, imekupendeza."

Arlette alimtazama Léonce. Léonce alikuwa akizitazama funguo ukutani kana kwamba zimeandikwa habari za muhimu sana.

"Asante," alisema Arlette, akapokea ufunguo.

Chumbani alitundika magauni yake bila kugeuka.

"Ningemwambia nini, kipenzi?" Léonce alianza. "Pale mlangoni, mama wa watu na furaha yake, nimwambie Josiane amekufa?"

"Ungemwambia jina langu. Si refu."

Chakulani walikaa meza ya dirishani, meza ya Josiane. Wakaletewa chaza, maana Josiane alikuwa mlevi wa chaza. Arlette alimeza wawili kama anayemeza dawa, akamsukumia Léonce sahani.

Asubuhi aliamka mapema, akavaa viatu vya kutembelea na kushuka bandarini peke yake. Hakuwa na hasira. Alikuwa na kitu kilichomkera zaidi ya hasira, hamu ya kurudi kwenye kiti chake cha jikoni Saint-Junien, na hamu hiyo ilimtisha. Huko kwenye ukimya ndiko alikotoka! Pale gatini feri nyeupe ilikuwa imepanua mdomo, na magari yakiingia moja baada ya jingine. Mfanyakazi mmoja mwenye koti la manjano alikuwa akiyaelekeza kwa mikono.

"Bwana, inakwenda wapi hii?"

"Ng'ambo, mama. Le Verdon."

"Kuna nini huko?"

Yule bwana akafikiri. "Mchanga, misonobari, na shemeji yangu. Shemeji unaweza kumkwepa."

Arlette alirudi hotelini akitembea haraka kuliko alivyokwenda. Léonce alikuwa akipaka siagi mkate.

"Funga mizigo," alimwambia. "Tunavuka."

"Tunavuka nini?"

"Maji. Na gari."

Kisu cha Léonce kikasimama. "Josiane alikuwa hapandi chombo. Kichefuchefu. Tulikuwa tunakaa benchi la bandarini, tunaitazama ikiondoka, basi."

"Kwa hiyo hujawahi kufika huko?"

"Hata siku moja. Kwani ng'ambo kuna nini?"

"Sijui," Arlette alisema. "Wewe pia hujui. Ndiyo sababu nakwenda. Ukitaka kubaki na Bibi Fouchereau, baki, atakupa meza ya dirishani."

Léonce alimtazama, akautazama mkate, akaula wote kwa matonge matatu makubwa na kwenda kufunga mizigo.

Léonce, aliyebeba watoto wa watu maisha yake yote kwenye barabara za barafu, alianza kutoka jasho alipoona ule mdomo wa feri. Katikati ya daraja la chuma gari likazima. Nyuma wakaanza kupiga honi. Akawasha, likazima tena.

"Mzee, twende!" alipiga kelele yule wa koti la manjano. "Samaki hawali magari!"

Arlette aliweka kiganja chake juu ya mkono wa Léonce, ule wa gia, akakiacha hapo. Gari likawaka, likaingia taratibu, na Léonce akavuta breki ya mkono kana kwamba ndiyo nanga ya feri nzima.

Juu, upepo uliwapiga usoni. Maji ya Gironde, mlango mpana wa mto, yalikuwa ya kahawia kama chai ya maziwa, na mbali, yanapogeuka kuwa bahari, mnara wa taa wa Cordouan ulisimama peke yake katikati ya mawimbi. Royan ilianza kupungua nyuma yao. Léonce aliitazama ikienda, akafuta macho na kusema ni upepo.

"Najua nimezidi," alisema baadaye. "Josiane huyu, Josiane yule. Lakini mimi na yeye hatukupata mtoto, Arlette. Nikiacha kumtaja, nani mwingine atamtaja?"

"Mtaje," alisema Arlette. "Mtaje kila siku ukitaka, mimi nitasikiliza. Lakini usinikalishe kwenye kiti chake. Mimi chaza siwapendi."

"Huwapendi? Mbona jana umekula?"

"Nilimeza."

Léonce alicheka, kisha akaacha kucheka. "Na wewe mbona Roland humtaji? Hata siku moja."

Arlette aliegemea chuma cha pembeni. Chini yao injini ilinguruma. "Nitamtaja kwa lipi? Miaka yote ile, Léonce, na nikitafuta neno moja aliloniambia likanivunja mbavu, sipati. Jana nilikuwa nakusikiliza wewe. Josiane alitapika hapa, Josiane alipiga makofi pale. Si wivu uliokuwa ukinichoma. Nilikuwa najiuliza, mimi nikifa, nani atakumbuka mahali nilipotapika?"

Léonce akaja kuegemea chuma hicho kando yake, bega kwa bega.

"Basi uanze kuniudhi mapema," alisema hatimaye. "Nipate cha kusimulia."

"Nimeshaanza. Nimekupandisha feri."

Ng'ambo walishuka bila ramani. Barabara iliingia kwenye misonobari, ikatoka, ikagawanyika, na kila ilipogawanyika walipokezana kuchagua. Zamu ya Arlette ndiyo iliyowaponza. Alichagua kijia kilichoonekana kizuri, na kijia kikawafikisha nyuma ya tuta la mchanga ambapo magurudumu ya mbele yalizama mpaka katikati. Léonce alisukuma, Arlette akakanyaga mafuta, na Léonce akala mchanga wa kutosha. Alipoinuka, uso mzima wa manjano, nyusi zimejaa, Arlette alianguka juu ya usukani kwa kucheka na kuibana honi bila kujua.

Honi ndiyo iliyomleta Maïté. Alikuwa mwanamke wa mabega mapana, mwenye kibanda cha mbao karibu na mfereji wa uvuvi, akichoma kamba wa baharini kwa ajili ya wapita njia, na alikuja juu ya trekta akiwa na aproni yake.

"Mnatoka wapi nyinyi?"

"Royan," alisema Léonce.

"Na mnakwenda wapi?"

"Hatujui," walisema wote wawili kwa pamoja.

Maïté aliwatazama kwa makini, kama mtu anayeamua kama hawa ni wagonjwa au ni wapenzi. Kisha akafunga mnyororo, akalivuta gari, na kuwaamuru wamfuate wakale, kwa sababu, alisema, watu waliopotea wakiwa na njaa hupotea zaidi. Aliwawekea kamba wenye kitunguu saumu, mkate, na divai nyeupe kwenye bilauri nene.

"Na huyu bibi anayecheka hivi ni nani?" aliuliza, maana Arlette alikuwa bado hajamaliza.

Léonce alijifuta mdomo na kusimama, akasimama kabisa, na mchanga masikioni. "Huyu ni mke wangu. Anaitwa Arlette. Ndiye aliyetutosa mchangani."

"Basi Arlette," alisema Maïté, "kamba wako wataongezwa."

Walilala Soulac, kwenye chumba cha kupanga juu ya duka la baiskeli, walichoelekezwa na Maïté. Siku iliyofuata walitakiwa kurudi, na asubuhi upepo ukageuka. Bahari ilikuwa ikivimba, na kule gatini likatundikwa tangazo kwamba leo hakuna safari. Léonce alianza kueleza jinsi ya kuzunguka kwa barabara hadi Bordeaux. Arlette alimwambia akae chini.

Alimpigia simu Séverine, ambaye Jumapili, siku waliyosafiri, alikuwa amepiga nyumbani bila kupata jibu.

"Mama, uko wapi? Nimeshaanza kupiga hospitali!"

"Niko ng'ambo. Feri haivuki. Tumekwama."

"Mmekwama? Na unacheka?"

"Ah, hili si la kwanza. Jana tulikwama mchangani, mume wangu akala nusu ya pwani."

Kule Lyon, Séverine alimsikia mwanamume nyuma akipinga, akisema ilikuwa robo tu, si nusu, na akamsikia mama yake akicheka kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia nyumbani kwao, hata mara moja.

"Ndiye huyo?" aliuliza.

"Ndiye."

"Hebu nipe niongee naye."

Arlette alimpa Léonce simu na kuwaacha. Alivua viatu, akapanda tuta la mchanga na kushuka upande wa pili, mahali ambapo Atlantiki ilikuwa ikijirusha ufukweni bila kumngoja mtu. Hakujua kuogelea. Alikunja suruali hadi magotini, akaingia. Wimbi la kwanza lilimfika kwenye mashavu ya miguu, la pili likamlowesha hadi kiunoni. Maji yalikuwa baridi ya kukata pumzi. Alisikia Léonce akimwita kutoka juu ya tuta, simu ingali sikioni, akipunga mkono, akipiga kelele kwamba Séverine anauliza kama mwezi wa Agosti kuna nafasi ya watu wanne, yeye na mumewe wakija.

"Mwambie ipo!" Arlette alipaza sauti, na bila kungoja jibu akaligeukia wimbi la tatu lililokuwa likija, kubwa kuliko yote, akainua mikono na kulipigia makofi.