Mstari wa Kwanza Baada ya Mshahara

Siku yangu ya kwanza ya kupasua mbao, porini Gwata, nilikula unga wa mbao mwingi kuliko ugali. Gogo hulazwa juu ya shimo refu. Mtu wa juu husimama juu yake kuongoza msumeno, wa chini huuvuta akiwa shimoni, na unga wote humwangukia yeye. Nilikuwa nimetoka shule ya sekondari, na shemeji yangu Kondo, fundi wangu, alinicheka.

"Kiingereza chako kifunike macho, shemeji!"

Baada ya miaka miwili alinipandisha juu. Mtu wa juu ndiye mwenye gogo. Hulizunguka, hulisoma, kisha hunyoosha uzi uliochovywa kwenye maji ya masizi, huuvuta na kuuachia, nao huacha mstari mweusi wa kufuata.

Miguu yangu haitulii mahali. Nilimwacha Kondo na kandarasi zake, nikaajiriwa kwenye kambi ya mbao Kisarawe, kwa mshahara wa mwezi. Huko mistari yote alipiga Msimamizi. Siku moja nilimwonyesha ufa kwenye gogo.

"Wewe kata," akasema. "Kufikiri ni kazi yangu."

Nilikata miaka minne, nikala vizuri, kisha nikaaga.

Nilimkuta Kondo Maneromango. Alikuwa na kandarasi ya milango ya mwenye duka mmoja, na gogo moja tu la mvule. Likiharibika, kandarasi imekwenda. Alishuka shimoni, mimi nikapanda juu. Nikashika msumeno, nikasimama.

"Shemeji, umelala?"

"Nangoja mstari."

Kisha kichwa chake kikachomoza shimoni.

"Mstari wa nani? Bwana wako umemwacha Kisarawe!" Akanirushia uzi. "Ukiliharibu hili, mimi natafuta mtu mwingine."

Nilipiga mstari katikati, upesi, kama walivyopiga kambini. Kondo aliutazama, asiseme neno. Ukimya ule ndio ulionishusha. Nikalizunguka gogo, na upande wa pili, chini ya gome, nikaona ufa mwembamba kama unywele. Ungepita katikati ya kila ubao. Nilifuta mstari kwa majani mabichi, tukaligeuza gogo mpaka ufa ukalalia njia ya msumeno, ili uondoke na unga, nikapiga mstari mwingine.

Ubao wa kwanza ulipotoka, Kondo aliupapasa mwanzo hadi mwisho.

"Haya, panda," akasema, akirudi shimoni. "Mimi nipo chini."

Tulipasua pamoja mpaka mgongo wangu ulipokataa, nami sijafika hata miaka hamsini. Sasa nakaa Mlandizi. Vijana huniuliza kama nilikosea kuacha mshahara. Nawaambia mshahara haukuwa na ubaya, ulinilisha na kunivika. Lakini nikikuta gogo limelazwa kando ya njia, hata kama ni la mtu nisiyemjua na nina haraka zangu, siwezi kupita kabla sijazunguka kutazama upande wa pili.