Shehe wa Migosi

Nilihamia mtaa wa Migosi, ng'ambo ya mpaka, miaka ya themanini kutoka Tanga, nikiwa fundi redio na Mwislamu wa sikukuu tu. Mama yangu mzazi alishakata tamaa: msikitini nilionekana Idi mbili, na ya pili nilichelewa. Lakini katika ploti yetu wapangaji wote walikuwa Wakristo isipokuwa mimi, na haikupita wiki wakaniita Shehe.

Mama mwenye ploti alisali kanisa la kanzu nyeupe na ngoma. Roho alimshukia hata akiwa anafua. Jirani yangu wa ukuta mmoja alikuwa mwalimu, Msabato. Jumamosi hakufanya kazi yoyote, na samaki mumi hakumla kwa sababu hana magamba.

Mwaka mmoja mama mwenye ploti aliandaa karamu ya kumkumbuka marehemu mumewe, nyumbani kwao Kombewa. Binti yake alikuwa ameolewa na Mwislamu wa mjini, kwa hiyo wakwe walialikwa.

"Shehe, wewe ndiyo utachinja ng'ombe," akaniambia.

"Mama, mimi hata kuku sijawahi kuchinja."

"Wewe si ni wa Tanga? Wewe ni original!"

Ningeweza kukiri kwamba mimi ni Mwislamu wa jina tu, lakini sifa nilishaizoea. Nikaazima kisu.

Siku yenyewe ikawa Jumamosi. Vijana wanne walimlaza fahali, nikamkaribia. Nilipofungua kinywa kutaja jina la Mungu, nilichokumbuka ni dua ya kuingia chooni. Ngoma za kanisa la mama zikalia, fahali akashtuka, akawatupa wale vijana, akapita katikati ya waumini kama aliyeokoka saa ileile. Kanzu zikatawanyika. Mwisho tukasikia kishindo: alikuwa ametumbukia kwenye shimo jipya la choo.

Mwalimu alikuwa kibarazani na Biblia yake, amekataa hata kushika kamba.

"Mwalimu," mama akamlilia, "ng'ombe imeanguka kwa shimo!"

Akafunga Biblia, akavua viatu na soksi. "Sasa kutoa ng'ombe shimoni siku ya Sabato, hiyo Bwana mwenyewe ameruhusu," akasema, akashuka shimoni. Sijawahi kuona mtu akifurahia andiko namna ile.

Fahali alipotolewa, wakwe nao wakafika. Mkwe mkubwa, mzee mwembamba wa kofia ya kiua, alinitazama, akatazama kisu.

"Bwana, leo alfajiri umeswali?"

Watu wote walikuwa wananisikiliza. "Hapana, mzee," nikasema.

"Jana?"

Nikatazama viatu vyangu.

"Basi shika mkia."

Nikashika mkia, yeye akachinja, na jamaa wote wakala nyama. Nilidhani aibu yangu ingeishia pale. Mzee, hata hivyo, alizungumza na mama mwenye ploti kando ya sufuria, na Ijumaa iliyofuata mlango wangu uligongwa saa sita mchana.

"Shehe! Leo Ijumaa. Oga!"

Alikuwa mama mwenye ploti, na kanzu yake nyeupe na msalaba shingoni. Nyuma yake mwalimu alinishikia birika la maji. Walinisindikiza mpaka barabarani, wakangoja nigeuke kona ya kwenda msikitini.

Walifanya hivyo kila Ijumaa kwa miaka miwili. Nilimwandikia mama yangu Tanga kwamba sasa naswali. Akajibu kwa furaha kubwa: alimshukuru Mungu kwa kunijalia majirani Waislamu wa kweli. Sikuwa na moyo wa kumsahihisha.