Saa ya Kunyonyesha

Riziki alikuwa ameuza vitambaa miaka sita katika duka moja la Gitega bila kutia saini karatasi yoyote. Mzee mwenye duka alimwajiri kwa mdomo, na alipomzaa Yasmina, mzee huyohuyo akamwambia awe anarudi nyumbani saa sita kumnyonyesha. Wenzake walimshikia meza mpaka arudi. Basi.

Mzee akafariki. Mwanawe Nassoro akaja na karatasi. Wauzaji hakuwaita pamoja. Aliwaita mmoja mmoja, mlango umefungwa, kila mtu na kontra yake, mkataba wa kazi. Ya Riziki ilikuwa kurasa tatu za Kifaransa, naye Kifaransa chake kiliishia kwenye salamu na rangi za vitambaa.

"Saa yangu ya kunyonyesha iko ndani, patroni?"

"Hiyo tunasikilizana tu, dada Riziki. Sisi si watu wa mbali. We weka saini."

Aliona aibu kuomba muda akatafute wa kumsomea. Angeonekana hamwamini mtoto wa marehemu. Akatia saini.

Mwezi wa pili baada ya saini hiyo Nassoro akafungua duka Muyinga, akamhamishia huko. Riziki alipokataa, alifunguliwa ukurasa wa pili, akawekewa kidole kwenye mstari: mfanyakazi anaweza kupelekwa duka lolote. Kunyonyesha hakukuandikwa popote. Mtoto alikuwa na miezi saba.

Ndipo Raissa, mwenzake wa meza ya pili, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba yeye kontra yake aliipeleka kwa kaka yake, akairudisha imesahihishwa: asihamishwe, na saa kumi awe nyumbani na wanawe. Nassoro alikubali bila maneno mengi.

"Mbona hukuniambia?"

"Alinikataza kusema. Mi pia niko na watoto, Riziki."

Riziki akaendelea kukunja vitambaa.

Mumewe, Hamissi, alikuwa fundi cherehani asiyepata kazi kila siku. Bila Riziki nyumba isingesimama. Akakubali kwenda, na kwa kuwa huko hakuwa na wa kumshikia mtoto, mtoto akabaki kwa mama mkwe. Muyinga, Riziki alipata chumba nyuma ya duka. Wiki ya kwanza maziwa yalimlowesha blauzi mbele ya wateja. Akajifunga kitenge kifuani, akaendelea kupima mita. Alikamua chooni, akamwaga. Wiki ya nne hakuwa tena na cha kukamua.

Alirudi Gitega Jumapili moja kila baada ya majuma mawili. Safari ya tano, Yasmina alimtazama kama mgeni, akaficha uso begani kwa bibi yake. Riziki akamchukua hivyohivyo. Mtoto akalia mpaka akakohoa.

"Nipe kidogo, atanyamaza," mama mkwe alisema kwa upole. Na kweli alinyamaza, mara tu alipofika mikononi mwake.

"Anakula nini siku hizi, mama?"

"Uji, ndizi ya kuponda, maharagwe. Maharagwe anayapenda sana."

Riziki hakujua kwamba mwanawe ameshaanza maharagwe. Akauliza na mengine: hulala saa ngapi, jino la pili lilitoka lini. Mama mkwe alimjibu yote, kwa subira anayopewa jirani aliyepita kusalimia.

Saa nane akatoka kuwahi gari la Muyinga. Yasmina alikuwa amelala. Hakumgusa, asije akaamka akalia.