Santuri Nilizomsikizia Baba

Ganda la santuri kuukuu lina harufu yake, na haifanani na ya kitabu wala ya gazeti. Ni harufu ya unyevu, ya vumbi la nyumba ya mbao, na ya mafuta ya taa yaliyomwagika zamani yakakataa kuondoka. Juzi nilikuwa napita nyuma ya soko hapa Nakuru nikitafuta viatu vya mitumba, nikakuta kijana ametandaza gunia, na juu yake santuri zimelala kifudifudi. Sikutazama hata ni za nani. Niliokota moja nikaipeleka puani. Kijana akanitazama vile watu humtazama mgonjwa, akaniuliza, "Mathe, hiyo utaskiza na nini?" Nikamwambia ashughulike na biashara yake. Ukweli ni kwamba mimi sipendi kulia mbele ya watu wanaouza vitu.

Tuliishi Ndabibi, kwenye kipande cha shamba lililokuwa la mzungu. Babu yangu alikuwa mpishi wake, na mzungu alipofunga virago alimwachia kigramafoni cha kutumia mawe ya redio, yaani betri, na sanduku la santuri za kwao. Baba alivirithi vyote viwili, na kila alipokwenda Nakuru alirudi na santuri nyingine kwapani, mama akinung'unika kwamba watu hawali nyimbo. Kwa hivyo ndani ya lile sanduku walilala pamoja watu ambao duniani wasingesalimiana: wazungu wa kuimba na tai shingoni, Wakongo wa rumba, vijana wa benga kutoka kule kwenye ziwa kubwa la magharibi, watu wa rege, wamama wa Pwani. Mimi sikujua muziki wala sikudai kujua. Nilikuwa mtoto wa kuchunga kondoo na kuvuta kamasi. Lakini ndimi niliyezisikiliza zote, tangu ya kwanza hadi ya mwisho, kwa sababu baba alinituma nizisikilize.

Niwaambie mapema, msije mkahangaika kama nilivyohangaika mimi. Baba yangu alikuwa kiziwi, au karibu na kiziwi, na alikuwa anaficha. Alifanya kazi na mkandarasi mmoja aliyechimba visima vya mvuke kule Olkaria. Kisima cha mvuke kikifunguliwa hakilii, kinanguruma, na upepo ukiwa upande wetu tulikisikia Ndabibi mchana kutwa. Ule mvuke ulikuwa unakwenda kutengeneza stima ya kuwasha taa za watu wa mbali. Sisi tulikuwa tunawasha koroboi. Baba alipewa vitu vya kuziba masikio, akavivua kwa kuwa vilimtoa jasho na vilimzuia kupiga soga na wenzake. Masikio yakaondoka polepole, sauti nyembamba zikitangulia. Na kule visimani kulikuwa na king'ora: kikilia, kila mtu anakimbia nyuma ya mstari kabla mvuke haujafunguliwa. Mtu asiyesikia king'ora angerudishwa nyumbani siku hiyo hiyo, na nyumbani kulikuwa na viazi vilivyochomwa na barafu ya alfajiri mwaka baada ya mwaka. Mama alijua. Mimi sikujua. Nilifikiri tu nina baba mkali wa adabu.

Kwa sababu baba hakukubali mtu aongee huku anatazama kando. Jumapili, tukitoka kanisani, mama alianika mawe ya redio juu ya mabati yapate nguvu kidogo ya jua, na baba akaweka kigramafoni juu ya kiti pale mlangoni penye mwanga. Mimi nilikaa mkabala naye. Aliniita maitu, yaani mama yangu, kwa kuwa nimeitwa jina la mama yake, na alipenda kuniamuru kama mtoto anayemdekea mama. "Haya, maitu, nisikizie. Nitazame ukiongea. Usimeze maneno." Kisha aliweka kiganja juu ya sanduku la kigramafoni, vidole vimetawanyika, akatulia.

"Unasikia, baba?" ningemwuliza.

"Nasikia."

Sasa hapo ndipo lugha yetu iliponichezea. Kwetu mtu husikia baridi, husikia njaa, husikia usingizi, husikia harufu ya ugali ukiungua. Baba alikuwa anasikia ngoma na gita la besi zikitetemeka kwenye kiganja, akasema anasikia, na hakuwa ametamka uongo hata mdogo. Kwenye benga mguu wake ulianza kupiga sakafu kabla sijafungua mdomo. Kwenye rege aliweka viganja vyote viwili na kufumba macho, uso ukalegea, akawa kama mtu aliyetumbukiza miguu kwenye maji ya moto baada ya kutwa ya baridi. Ni nani angemshuku mtu kama huyo?

Zile zisizo na ngoma ndizo zilizomsumbua, na ndizo alizonihoji zaidi. Kulikuwa na moja ya mama mzungu mnene, picha yake imejaa ganda zima, anaimba peke yake na watu wengi wa fidla nyuma. Nikamwambia baba huyu mama amefungiwa chooni na anaita watu, lakini kwa heshima kwa sababu kuna wageni. Baba alicheka hadi mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini. Kulikuwa na ya piano peke yake, na nikamwambia mvua inaanza kwa mabati halafu inabadilisha nia. Ya tarumbeta nilimwambia mwenyewe amekasirika ila hataki kutaja aliyemkosea. Ile ya vijana wa nywele ndefu na magita ya stima sikuipenda, na nilisema hivyo: posho mill ya kusaga mahindi imekatika ukanda na mwenyewe hataki kuizima. Warumba niliwapenda, nikasema wanaongea kama wamama wakitoka sokoni, hakuna anayengoja mwenzake amalize. Na wale wa Pwani, Mungu anisamehe, nilimwambia wanaimba Kiswahili cha mtihani na mimi nitaanguka.

Baba aliyarudia maneno yangu taratibu, midomo ikisogea, vile sisi tulivyokariri sala. Nikafikiri ni mapenzi. Yalikuwa mapenzi pia, sikatai.

Mambo yalikaribia kuharibika kwa santuri ya kantri. Watu wetu wa Bonde la Ufa wanapenda hizo nyimbo za wazungu wachunga ng'ombe kupita kiasi, na baba alinunua moja mpya kwake, ganda limeraruka na picha haipo. Mimi nikaiweka, na sikuona kwamba kile kijiti cha mwendo kimesukumwa mahali pa zile santuri ndogo zinazozunguka mbio. Ikaimba kwa haraka, sauti juu kabisa. Nikamwambia baba ni msichana mdogo, ana furaha, anaharakishwa kwenda harusini. Baba akakariri.

Kesho yake alirudi kutoka kazini uso umekunjika. Alikuwa na rafiki huko, Kiprono, mtu wa Molo mwenye kucheka kwa sauti, na Kiprono alikuwa na santuri hiyo hiyo kwake. Aliyeimba alikuwa mzee wa sauti nzito anayemlilia mkewe aliyekufa. Baba alikuwa amewasimulia habari za msichana wa harusini, na wenzao walicheka siku nzima, ila mnyapara wao hakucheka. Baba hakunieleza hayo. Alikaa mbele yangu, akanishika kidevu, akasema, "Maitu, uliniambia ni msichana." Nikasema ndivyo nilivyosikia. Akaenda kukikagua kigramafoni, akaona kile kijiti, akakaa chini na kuanza kucheka peke yake, kicheko kibaya ambacho sikukielewa. Kuanzia hapo kila Jumapili alikikagua yeye kwanza.

Lakini mnyapara alikuwa ameshika jambo. Baba aliitwa apimwe masikio. Hii hadithi aliisimulia mwenyewe jikoni, mimi nikimenya viazi, akimwigiza daktari mpaka mama akatabasamu bila kutaka. Daktari alikuwa na kijichuma cha pembe mbili. Alikigonga kwenye goti, kikatetemeka, akakibandika kwenye mfupa nyuma ya sikio la baba.

"Unasikia?"

"Nasikia."

"Na sasa?"

"Sasa sisikii tena."

Daktari akaridhika, kwa kuwa kijichuma kilikuwa kimeacha kutetemeka kwenye mfupa. Maswali mengine baba aliyasoma kwenye midomo yake, na daktari mwenyewe alikuwa na haraka, foleni ilikuwa ndefu. Baba akarudi kazini. Tulichinja kuku, na mimi nikala firigisi, heshima ambayo sikuwahi kupewa kabla ya hapo. Mama hakula. Alisema ana kiungulia.

Haukupita muda mrefu. Ilikuwa asubuhi ya kawaida, jua limetoka, na baba alikuwa amechutama akifunga kamba ya kiatu upande usiofaa wa mstari. King'ora kililia. Wote walikimbia. Kiprono alimpigia kelele, na akasema baadaye kwamba baba alionekana mtu aliyetulia kabisa, asiye na haraka na kamba yake. Basi mvuke ukamkuta hapo. Sitaeleza zaidi. Walimleta hospitalini Nakuru, mama akalala huko naye, na sisi watoto tukaachwa kwa jirani tukiambiwa baba ameungua kidogo. Kidogo hicho kilimmaliza kabla ya wiki kwisha.

Kwenye matanga Kiprono alisimama kuongea. Mtu yule mkubwa alikuwa amesinyaa. Alisema hawaelewi, hakuna anayeelewa, kwa sababu marehemu ndiye aliyekuwa na masikio kuliko wote. "Sisi tulikuwa tunaskiza tu," alisema. "Huyu mzee alikuwa anasikia. Kila Jumatatu alikuwa anatuambia santuri alizoskiza. Kuna moja ya piano, alisema ni mvua inaanza kwa mabati halafu inabadilisha nia. Mimi nilienda nikaitafuta hiyo santuri, na ni kweli, ni mvua kabisa. Mnyapara alipoleta ile maneno ya kusema hasikii, sisi wote tulimtetea. Tulisema, mtu hasikii aje na anajua vitu kama hizo?"

Watu wakaitikia kwa kichwa. Wengine walianza kunong'ona kwamba basi labda alitaka kufa mwenyewe, kwamba mtu mwenye masikio mazuri hivyo hawezi kukosa king'ora. Nilimwona mama akitazama mikono yake. Angesema neno moja tu, mumewe angesafishika jina. Lakini hilo neno lingesema pia kwamba alimdanganya mwajiri, na mwajiri hakuwa bado ametoa chochote kwa mjane. Akanyamaza. Mimi nilikaa kwenye nyasi nikiona fahari, mnisamehe, fahari ya kijinga ya mtoto aliyesikia maneno yake yakisemwa na mtu mzima mbele ya umati.

Ilinichukua miaka kuyapanga. Yale niliyomwambia Jumapili ndiyo yaliyomfungulia geti Jumatatu. Kadiri nilivyoeleza vizuri zaidi, ndivyo alivyozidi kuaminika, na ndivyo alivyozidi kusimama karibu na kile kisima. Nikiwa msichana wa sekondari nilielewa hivyo ghafla, nikiwa darasani. Sijilaumu; mtoto hawezi kulaumiwa kwa kujua kueleza. Lakini nina hasira hadi leo, na sina wa kumpa. Baba? Mnyapara? Daktari na kijichuma chake? Hasira imekaa tu humu ndani kama mgeni asiyejua kuaga.

Mama hakuwahi kuligusa jambo hilo mpaka nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza. Alikuja hapa Nakuru kunisaidia, na asubuhi moja alikuwa akimwogesha mtoto kwenye karai, mtoto akilia kwa ile sauti yao nyembamba inayotoboa ukuta. Mama akasema, bila kuniangalia, "Hii sauti baba yako hangeisikia. Hata yako hakuisikia. Ulipoanza kuongea, hizo sauti ndogo zilikuwa zimeshaenda."

Nikamwuliza kama baba aliwahi kumwambia hivyo.

"Kule hospitali," alisema. "Walikuwa wamemfunga macho na bandeji. Hakuna kitu alikuwa anaona. Akaniuliza, maitu ana sauti gani? Ananiambia sauti za watu wote, lakini yake siijui. Wewe unaijua, niambie."

"Ukamwambia nini?"

Mama alimtoa mtoto kwenye maji, akamfunika taulo, akaanza kumpangusa kichwa.

"Nilimwambia ni nyembamba, na unaongea haraka, na ukicheka unakwama katikati. Nilimwambia polepole, nikarudia. Nikaweka mdomo karibu na sikio, nikapiga kelele mpaka sista akaja kunitoa." Alimgeuza mtoto, akampangusa mgongo. "Lakini macho yalikuwa yamefungwa. Na yeye akaendelea kuniuliza."