Nukta Nyekundu Kwenye Mota ya Baba

Enzi zetu, sisi tuliokulia kambi ya polisi, hakuna aliyemwachia fundi kitu akaenda zake. Ukipeleka redio, unakaa. Ukipeleka pasi, unakaa. Unavuta kibao, unamkodolea fundi macho, na yeye anajua kabisa kwamba unamkodolea. Watoto wa siku hizi nawaonea huruma. Wanamkabidhi simu mtu wasiyemjua hata jina, eti "nitapitia jioni." Jioni wanarudishiwa kichupuli, takataka tupu iliyovikwa gamba la simu yao, na bado wanasema asante.

Tuliishi kwenye mama-ingia-pole, vile vibanda vya mabati ambavyo mlango wake unakulazimisha kuinama utake usitake. Jioni tulicheza kwepena, tukirushiana mpira wa soksi mpaka Mama atuite kula posho, ule ugali wetu. Baba alikuwa askari wa lindo. Mzungu mmoja ambaye Baba alikuwa akimlinda alipofungasha kurudi kwao, alimpa kichwa cha treni cha kuchezea, cha chuma, kizito kama tofali, pamoja na reli zake na kisanduku cha umeme. Badala ya pongezi, kambi nzima ikauliza: ameitoa wapi? Mama Akello wa kibanda cha pili alianza kuja kuomba chumvi kila siku, macho yake chini ya kitanda chetu. Ndiko Mama alikoificha. Ilitoka Jumapili tu, mlango umefungwa, nasi tukalala kifudifudi kuitazama ikizunguka, ikinuka mafuta ya cherehani. Raha ile sijaipata tena maishani.

Siku treni ilipokufa, Baba alinichukua tukashuka mjini, Nakivubo, kwa fundi redio mmoja Muganda. Alikuwa baba wa mapacha, kwa hiyo kila mtu alimwita Salongo. Kabla hatujatoka, Baba alikifungua kile kichwa cha treni, akachukua kutekisi nyekundu ambayo Mama alipakia kucha, akatia nukta kwenye mota.

"Sasa abadilishe, nione," alisema.

Nilimpenda Salongo palepale, ingawa niliambiwa nisimpende. Vitu vyake vyote alivitia alama ya rangi ya bluu visiibwe: koleo, vibao, hata vikombe vya chai. Aliichungulia mota yetu, akatikisa kichwa.

"Afande, mota hii inakura umeme sana. Tuweke ingine."

Nikaangua kicheko: badala ya kula, mota inapiga kura! Baba hakucheka. Alivuta kibao.

"Mota yangu inabaki. Wewe tengeneza, mimi iko hapa."

Wakakaa. Salongo alisafisha, akakaza, akapuliza vumbi, na Baba hakuondoa macho kwenye vidole vyake. Mvua ikanyesha. Salongo akaagiza chai na kabalagala za moto, zile za ndizi, na Baba akala kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika treni. Wakabishana kuhusu mpira, wakahamia bei ya sukari, wakaishia kwenye ukaidi wa watoto. Treni ilipotembea, ilikuwa jioni. Tangu hapo Baba kila aliposhuka mjini alipitia kwa Salongo, hata kama hana kitu cha kutengeneza.

"Naenda kuchunga yule mwizi," alimwambia Mama, huku akivaa shati safi.

Baba hayupo tena. Treni aliniachia mimi. Juzi mwanangu Okello aliwanunulia wanawe reli za kisasa, zenye treni zinazoendeshwa kwa simu: zinaondoka taratibu, zinawasha taa, zinapiga honi. Nikaiweka ya Baba juu ya reli hizo, ikakaa bubu. Okello akasema haina chipu, akanielekeza Wandegeya kwa Amani, kijana wa Kikongo anayetengeneza vitu vya umeme karibu na hosteli za wanafunzi.

"Mama, uache tu hapa," Amani aliniambia. "Nitakutumia picha kwa simu."

Picha! Nikavuta kiti.

Akafungua, akapima mota, akatikisa kichwa. "Mama, hii mota ya zamani inakula umeme mingi. Itaunguza chipu. Tuweke ya mpya."

Damu ilinichemka. Maneno yaleyale! Hata wezi wa leo hawabuni kitu kipya. Tena mota ile ikitoka, ndani ya treni hakibaki kitu chenye alama ya mkono wa Baba.

"Mota yangu inabaki," nikamwambia, nikimwonyesha nukta nyekundu ya baba yangu. "Tafuta chipu inayoiweza."

Alinitazama, akacheka, akaenda kutafuta chipu kubwa zaidi. Akaitenga mota na chuma kwa kipande cha plastiki ili umeme usivuje, akachomea nyaya, nami nikikodolea vidole vyake. Kisha akaigeuza.

"Mama, nyekundu umesema ni ya baba yako. Na hii ya bluu?"

Nikavaa miwani. Chini ya mota, mahali ambapo Baba hakuwahi kuchungulia, palikuwa na nukta ya bluu, bluu ileile ya vikombe vya chai. Kumbe Salongo naye alimshuku Baba! Aliogopa Afande asije akabadilisha mota nyumbani, kisha arudi na pingu kudai kaibiwa. Sijui aliitia saa ngapi, na Baba amekaza macho vile. Labda Baba alipoinamia kabalagala. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na mengine hayakuwa ya kicheko.

Treni ikatembea mezani pa Amani, taratibu, taa inawaka, mota ni ileile.

"Watu wanaachaka vitu, wanaenda," Amani akasema. "Hata sura zao sijue."

Enzi zetu hatukuaminiana hata chembe, na kwa sababu hiyo tulikaa pamoja mchana kutwa, tukajuana mpaka majina ya mapacha wa fundi. Siku hizi watu wanatumiana picha.

Leo nashuka Wandegeya na pasi yangu. Haijaharibika. Nimemwambia Okello kwamba naenda kuchunga yule mwizi, naye akaniuliza mbona nimevaa gomesi mpya.