Zulia la Darryl na Tangi la Noeline

Tangu zulia la sebuleni lilipolowa, Darryl Kratzmann alikiweka kiti chake mbali na tangi la samaki la mkewe, kana kwamba lina meno. Wala simlaumu. Umeme wa Townsville, kaskazini mwa Australia, ulikatika, ukarudi, na kile kisanduku cha plastiki kilichoning'inia ukingoni mwa tangi kufyonza maji na kuyateremsha kwenye tangi dogo la chini kikawa kimeingiwa na hewa, kikagoma. Pampu ya kuyarudisha juu haikugoma. Ilipandisha maji hadi tangi likafurika, na Darryl akaloa soksi katikati ya fainali ya ragbi.

"Noeline, likimwagika tena, linahamia banda la gari," alisema, na hakuwa akitania.

Banda lenyewe la mabati. Joto la Desemba lingewapika samaki wakiwa hai. Noeline, aliyeendesha basi la shule miaka nenda miaka rudi bila kutoa chozi, alijifungia bafuni akalia. Kisha akanawa uso, akaamua kutoboa kioo cha tangi.

"Si ununue kisanduku cha pili, kiwe cha akiba?" Trev, jirani yao, alimshauri.

"Ili vigome vyote viwili?"

Tundu halina cha kugoma. Maji yakilifikia, yanashuka yenyewe.

Jumamosi samaki wakahamia kwenye pipa, tangi likatolewa uani. Noeline akamvua Trev miwani yake ya kuvulia samaki, ile inayokata mng'ao wa maji, akachungulia nayo kioo huku skrini ya simu ikiwaka upande wa pili. Kitako kilionyesha mabaka meusi: hicho ni kioo kilichochomwa kiwe kigumu, ukikigusa kwa drili kinakuwa chenga. Ubavu ulikuwa safi. Akachagua ubavu, karibu na ukingo wa juu.

"Taratibu shemeji, usikilalie," Trev akasema kutoka kwenye jiko la kuchomea nyama, bia mkononi.

"Wewe geuza soseji zako, zinaungua."

Mpira wa maji ulimimina pale pale drili ilipokuwa ikikwangua. Kazi ilikwenda vizuri, mpaka sauti ikabadilika ghafla ikawa ukelele, na vumbi jeupe likapanda. Noeline akazima drili. Mpira ulikuwa mkavu. Darryl alikuwa amesimama bombani, mkono ungali kwenye koki.

"Maji yanapotea bure kwenye nyasi," alisema.

Mtu huyu alikulia kwenye ukame. Nyumbani kwake hata kupiga mswaki bomba hufungwa. Akiona maji yanatiririka, mkono unakwenda wenyewe.

"Yanapooza kioo, bwana we! Unataka kuniulia tangi?"

Darryl akasawijika. Noeline alisubiri kioo kipoe, akapitisha kidole kutafuta ufa. Hakukuta. Darryl akafungua koki bila kuambiwa, akapiga magoti na kuushika mpira mwenyewe, kaptura ikalowa chepechepe, mpaka duara la kioo likamdondokea Noeline kiganjani.

Bomba la kushushia maji lilipofungwa kwenye tundu na samaki kurudi, Noeline alisubiri mechi ianze, akazima umeme wa nyumba nzima.

"Noeline! Mechi yangu!"

"Vua soksi."

Akavua, akakanyaga zulia peku. Noeline akawasha. Pampu ikavuma, maji yakapanda, yakafika kwenye tundu, yakashuka zake.

Darryl alichezesha vidole vya miguu kwenye zulia.

"Pakavu," akasema, akakiburuta kiti chake hadi pale pa zamani, ubavuni mwa tangi.